Siku ya Kwanza Warsaw: Mwongozo kwa Anayeongoza Kundi la Safari ya Urithi wa Kiyahudi

Kila msimu wa safari unapokaribia, maswali yale yale hurudi kutoka kwa watu waliokabidhiwa kundi kwa mara ya kwanza: tukitua twende wapi, tule nini, makaburini tuvae vipi, na je, haingefaa tuanze moja kwa moja na Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi, ili siku isipotee? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mji mmoja tu, Warsaw, ambako makundi mengi ya safari za urithi wa Kiyahudi nchini Poland huanzia. Nimeuandika nikiwafikiria viongozi wanaotumia Kiswahili: walimu, waumini wa sinagogi la Nairobi, watu wa jumuiya za Abayudaya, yaani Wayahudi wa mashariki mwa Uganda, na watembezaji wa watalii wanaoombwa kusindikiza familia zenye asili ya Poland.

Msimamo wangu ni kwamba siku ya kwanza ianze na maisha ya watu kabla ya kufika kwenye vifo vyao. Wayahudi wameishi Poland kwa takriban miaka elfu moja. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wapata milioni 3.3 nchini humo, na Warsaw peke yake ilikuwa na zaidi ya 350,000, karibu theluthi moja ya wakazi wote. Duniani kote ni New York tu iliyokuwa na Wayahudi wengi zaidi. Mtu anayepelekwa kambini kabla hajajua watu hao walisali wapi, waliandika nini na walizikana vipi, hurudi na idadi ya waliouawa bila kumjua hata mmoja wao. Ratiba iliyo hapa chini imepangwa kwa ajili ya kuzuia jambo hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Pasipoti na viza ya Schengen (viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya) kwa wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda. Ombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama mtatua kwanza nchi nyingine, na linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari.
- Bima ya safari yenye kufidia matibabu ya angalau euro 30,000, ambayo ni sharti la viza hiyo.
- Nakala ya karatasi ya ratiba, barua ya hoteli na majina ya wasafiri wote. Simu huzimika, karatasi haizimiki.
- Fedha ya Poland, yaani zloti. Nchi hiyo imo katika Umoja wa Ulaya lakini haitumii euro. Kadi hupokewa karibu kila mahali, hivyo zloti chache za mkononi zinatosha.
- Adapta ya umeme, kwa kuwa soketi za huko ni za pini mbili za mviringo na plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii.
- Kofia au kipa (kikofia cha Kiyahudi) kwa kila mwanamume, hata asiye Myahudi, na nguo za heshima kwa wote: mabega na magoti yafunikwe.
- Viatu vilivyokwisha kuvaliwa na kuzoewa, vyenye soli imara. Njia za makaburini zina mizizi, matope na mawe.
- Orodha ya majina ya mababu iliyoandikwa kwa tahajia ya Kipolandi. Anayejua jina la Shapiro au Goldstein aandike pia Szapiro na Goldsztejn, kwani ndivyo atakavyolikuta katika orodha nyingi.
- Maneno ya Kadishi, sala inayosomwa kuwakumbuka wafu, na ya El Male Rahamim, sala ya kuwaombea marehemu, yakiwa yamechapishwa kwa Kiebrania na kwa herufi za Kilatini, ili wasiosoma Kiebrania waweze kufuata.

Chakula kinahitaji maandalizi ya mapema zaidi kuliko vyote hivyo. Usitarajie kukuta chakula cha kosha, yaani kinachofuata sheria za chakula za Kiyahudi, katika hoteli ya kawaida. Andikia jumuiya ya Kiyahudi ya Warsaw au Chabad, shirika la Kiyahudi linalohudumia wasafiri, wiki kadhaa kabla, ueleze idadi ya watu na siku mtakazokuwepo, na uombe jibu la maandishi. Katika kundi moja huwa na wanaoshika kosha kikamilifu, wanaokwepa nyama tu, na wasioshika kabisa. Waulize kabla ya safari, mmoja mmoja, wala usikisie kutokana na mtu anavyovaa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku ya kutua kwa kuangalia kalenda mbili.

Jumapili hadi Alhamisi ndizo siku zinazofaa kwa ratiba hii. Ukitua Ijumaa, makaburi ya Kiyahudi hufungwa mapema. Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi hayafunguliwi kabisa. Jumanne ndiyo siku ambayo POLIN, Jumba la Makumbusho la Historia ya Wayahudi wa Poland, hufungwa; anayetua Jumatatu alipange siku nyingine badala ya siku ya pili. Jumapili nyingi maduka makubwa ya chakula hayafunguliwi kwa sheria ya nchi, kwa hiyo anayetua siku hiyo anunue maji na matunda ya kundi mapema, au aombe hoteli imwandalie.

Tahadhari kubwa kwa sisi tuliozoea jua la ikweta linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima: Warsaw haiko hivyo. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa tisa na nusu alasiri, na taa za Sabato huwashwa muda mfupi baada ya saa tisa. Mwishoni mwa Juni jua huzama kama saa tatu usiku. Kundi la Desemba lina nusu siku tu ya mwanga, na ratiba ya Juni haiwezi kunakiliwa na kubandikwa hapo. Tiketi na milango yote huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo katika karatasi ya kundi andika saa kwa namna zote mbili ili asitokee wa kuachwa.

2. Pitisha kundi uwanja wa ndege bila haraka.

Uwanja mkuu ni Chopin, ulio ndani ya mji, upande wa kusini. Hakikisha tiketi haisemi Modlin, uwanja mwingine ulio kama kilomita 40 kaskazini, kwa sababu basi lililokodiwa kwenda uwanja usio wenyewe ni saa mbili zilizopotea. Kwa wanaoingia Schengen kwa mara ya kwanza kupitia Warsaw, maafisa wa mpakani wanaweza kuchukua alama za vidole na picha, na kuuliza barua ya hoteli na bima. Kila msafiri awe na karatasi zake mkononi, zisiwe zote kwenye mkoba wa kiongozi, kwa sababu kila mmoja huhojiwa peke yake. Wewe kiongozi pita wa mwisho.

Baada ya mizigo, hesabu watu kabla ya kutoka nje. Kisha wahesabu tena ndani ya basi.

3. Fika hotelini, acheni mizigo, kuleni.

Vyumba mara nyingi huwa havijawa tayari asubuhi. Omba chumba cha kuhifadhia mizigo. Wanaotoka Afrika Mashariki hawana shida kubwa ya saa, kwa kuwa tofauti ni saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi, lakini mara nyingi huwa wamekesha ndani ya ndege. Ikiwa mmeungana na ndugu kutoka Marekani, wao ndio watakaosinzia saa nane mchana. Panga mapumziko ya saa moja na nusu, na usiyaongeze, kwa sababu anayelala usingizi mzito mchana wa kwanza huharibu usiku wake na asubuhi inayofuata.

4. Fanya kikao kifupi kabla ya kutoka.

Nusu saa inatosha. Eleza ratiba, mpe kila mmoja namba yako na ya hoteli, na uwakumbushe kuwa namba ya dharura ni 112. Halafu mpe kila mtu nafasi ya kusema jina lake na jambo moja analotaka kuliona au kulijua katika safari hii. Usimwulize mtu yeyote mbele ya wenzake kama familia yake iliuawa, na wapi. Wenye kutaka kusema watasema kwa wakati wao.

Hapa pia ndipo pa kuweka sharti ambalo mimi hulishikilia kwa nguvu. Safari za namna hii hukutanisha wajukuu wa walionusurika, waliojiunga na dini ya Kiyahudi, wenzi wa ndoa wasio Wayahudi, na Wayahudi Waafrika kama Abayudaya, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Asitokee mtu wa kumhoji mwenzake, kwa udadisi au kwa mzaha, kama yeye ni Myahudi kweli. Swali hilo huulizwa zaidi watu weusi, huulizwa kwa tabasamu, na huwaumiza. Litaje wazi siku ya kwanza, mapema, kabla halijamtokea mtu wa kundi lako.

5. Anza matembezi kwenye sinagogi la Nożyk.

Liko mtaa wa Twarda, karibu na uwanja wa Grzybowski. Lilifunguliwa mwaka 1902 kwa fedha za mume na mke, Zalman na Rywka Nożyk, na ndilo sinagogi pekee la kabla ya vita mjini humo linaloendelea kutumika kwa ibada. Wajerumani walilifanya zizi la farasi. Lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1983. Weka miadi ya kuingia, na ujue kwamba mikoba hukaguliwa mlangoni.

Nalipendelea lianze kwa sababu ni mahali panapoishi. Kuna vitabu vya sala vilivyochakaa kwa kushikwa, kuna tangazo la saa za ibada, na ukifika asubuhi unaweza kumkuta mzee anakunja tefilini zake, visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyofungwa wakati wa kusali, baada ya sala. Waache watu wakae kwenye viti kwa dakika kumi bila maelezo. Sinagogi hili hufuata utaratibu wa Kiorthodoksi, hivyo wakati wa ibada wanawake hukaa ghorofani. Waeleze waliozoea kukaa pamoja kabla hawajaingia, ili wasione wamedharauliwa.

Ukitoka, vuka uwanja wa Grzybowski uingie mtaa wa Próżna, ambako yamebaki baadhi ya majengo machache ya mtaa wa Kiyahudi wa zamani. Hapo panatosha dakika chache.

6. Waonyeshe ukuta, lakini pia waonyeshe chini.

Geto la Warsaw, eneo ambamo Wajerumani waliwakusanya Wayahudi kwa nguvu, lilizingirwa na kufungwa tarehe 16 Novemba 1940, na zaidi ya watu 400,000 walibanwa ndani yake. Vipande vya ukuta wake vimebaki katika nyua za majengo ya makazi kati ya mitaa ya Sienna na Złota. Kwenye kimoja utaona nafasi za matofali yaliyopelekwa kwenye makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi huko Washington. Watu wanaishi katika nyua hizo na kuanika nguo zao humo; ingieni kwa makundi madogo, msiimbe, msipeperushe bendera, na msipige picha madirisha ya wenyeji.

Baada ya hapo waambie watazame njia ya waenda kwa miguu. Sehemu nyingi za mji zimewekwa utepe wa chuma uliolazwa barabarani, wenye maandishi ya ukuta wa geto na miaka 1940–1943. Hukatiza njia mbele ya maduka na vituo vya basi. Mweleze kila mmoja asimame mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, kisha endeleeni. Kwa wengi somo la mipaka ya geto huingia hapo kuliko kwenye ramani yoyote.

7. Nenda makaburi ya mtaa wa Okopowa mapema mchana.

Usiyaache kuwa ya mwisho, kwa sababu hufungwa kabla ya jioni. Yalianzishwa mwaka 1806, yana ukubwa wa hekta 33 na makaburi zaidi ya 200,000, na sehemu kubwa imekuwa msitu wenye miti mirefu iliyoinua na kuinamisha mawe. Kuna kiingilio kidogo langoni. Wanaume wafunike vichwa kabla ya kuvuka lango.

Wapo watakaobaki nje. Kuhani, yaani mwanamume wa ukoo wa Haruni, haingii makaburini kwa mujibu wa Torati, isipokuwa katika mazishi ya jamaa wa karibu. Waulize tangu hotelini nani ni kuhani, na uwe umewapangia jambo la maana la kufanya wakati huo. Pendekezo langu ni Taasisi ya Historia ya Kiyahudi, iliyopo Tłomackie, ambako huhifadhiwa nyaraka za siri zilizokusanywa na Emanuel Ringelblum na wenzake ndani ya geto. Walizifukia katika makasha ya bati na makopo ya maziwa; sehemu ya kwanza ilifukuliwa mwaka 1946 na ya pili mwaka 1950. Kuhani anayeachwa langoni akiwa hana la kufanya huhisi ameadhibiwa kwa ukoo wake.

Ndani, usijaribu kuona kila kitu. Chagua makaburi machache yanayoeleza maisha: la Ludwik Zamenhof aliyebuni lugha ya Kiesperanto, la mwandishi I. L. Peretz aliyezikwa pamoja na mwandishi mwenzake An-ski, na la mwigizaji Ester Rachel Kamińska, mmoja wa waliojenga tamthilia ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kisha nenda kwenye kaburi la Adam Czerniaków, mwenyekiti wa baraza la geto, aliyejiua tarehe 23 Julai 1942, siku moja baada ya uhamisho mkubwa wa watu wa geto kwenda Treblinka kuanza. Pia liko sanamu la kumkumbuka Janusz Korczak, daktari aliyekataa kuwaacha watoto wapatao 200 wa kituo chake cha yatima na kwenda nao Treblinka Agosti 1942. Mwili wake haumo hapo, jambo ambalo wageni wengi hulikosea.

Baada ya hayo, wafundishe kusoma jiwe moja. Juu utaona herufi mbili za Kiebrania zinazomaanisha kwamba hapa amezikwa fulani, na chini herufi tano za dua ya roho yake kufungwa katika fungu la uhai. Mikono miwili iliyonyooshwa ni ya kuhani. Birika ni la Mlawi. Mishumaa mara nyingi ni ya mwanamke. Mti uliovunjika ni wa aliyekufa kijana. Jiwe la zamani linaweza kumtaja mtu kwa jina lake na la baba yake tu, bila jina la ukoo, kwa hiyo asiyejua jina la baba wa babu yake atapita mbele ya kaburi lake bila kulitambua. Mwaka huandikwa kwa herufi zenye thamani ya namba, mara nyingi elfu tano ikiachwa. Ukijumlisha 1240 unapata mwaka wa kawaida: 664 inakuwa 1904. Kwa miezi ya mwanzo wa mwaka wa Kiebrania, kati ya Septemba na Desemba, jumlisha 1239.

Juu ya kaburi weka kijiwe kidogo badala ya maua. Usikichukue kwenye kaburi jingine. Usisugue maandishi kwa brashi ya chuma wala kupaka chaki ili yasomeke. Mwanga wa tochi ukimulikwa kutoka ubavuni unatosha, na jiwe halidhuriki. Kabla ya kuondoka, waongoze watu hadi kwenye uwanda wenye nyasi ambamo walizikwa kwa wingi waliokufa kwa njaa na maradhi ndani ya geto. Hapo ndipo pa kusoma Kadishi. Mkitoka nje, nawisheni mikono kwa maji, kama ilivyo desturi. Beba chupa na kikombe ikiwa bomba halifanyi kazi.

8. Tembeeni Muranów kwa miguu.

Kutoka makaburini, mtaa wa Anielewicza unakupeleka hadi kwenye Jumba la POLIN kwa mwendo wa kama dakika 20. Njiani eleza kwamba mnakanyaga geto lenyewe. Baada ya uasi wa Wayahudi wa geto mwaka 1943 Wajerumani waliliteketeza na kulibomoa nyumba kwa nyumba, na vita vilipokwisha mtaa mpya ulijengwa juu ya kifusi, mahali pengine kwa matofali yaliyosagwa kutokana na kifusi hicho hicho. Ndiyo sababu nyumba nyingi zimekaa juu ya vilima vidogo vyenye ngazi, katika mji ambao kwa kawaida ni tambarare. Simama kwenye ngazi mojawapo uwaachie muda wa kutazama.

Mbele ya POLIN lipo Sanamu la Mashujaa wa Geto, kazi ya Nathan Rapoport, lililozinduliwa mwaka 1948. Mbele yake ndipo Willy Brandt, kiongozi wa Ujerumani Magharibi, alipopiga magoti tarehe 7 Desemba 1970. Waambie wazunguke wautazame upande wa nyuma pia, ambako wamechongwa watu wanaohamishwa wakiwa wameinamisha vichwa. Wengi hupiga picha upande wa wapiganaji na kuondoka.

Usiwaingize ndani ya makumbusho siku ya kwanza. Maonyesho ya kudumu, yaliyofunguliwa mwaka 2014, yanahitaji angalau saa mbili za kichwa kilichopumzika, na dari la rangi la sinagogi la mbao la Gwoździec lililojengwa upya humo haliwezi kufaidiwa na mtu anayesinzia. Yapange asubuhi ya siku ya pili.

Endelea hadi mtaa wa Miła, kwenye kilima chenye jiwe juu yake. Chini yake palikuwa na handaki la makao makuu ya wapiganaji wa uasi wa geto, na humo kiongozi wao Mordechaj Anielewicz na wenzake wengi walikufa tarehe 8 Mei 1943. Miili haikufukuliwa, hivyo kilima hicho ni kaburi: msikikalie, msile hapo, na makuhani waambiwe mapema wabaki pembeni. Kisha malizieni mtaa wa Stawki, kwenye mnara wa Umschlagplatz, ambako watu wapatao 265,000 walipakiwa katika mabehewa kwenda Treblinka kati ya Julai na Septemba 1942. Ukutani yamechongwa majina ya kwanza zaidi ya 400, ya Kipolandi na ya Kiyahudi, bila majina ya ukoo. Mwache kila mtu atafute jina lake, la mama yake au la mwanawe. Usitoe hotuba hapo.

Makosa mawili ya maneno yaepukwe katika hatua hii. La kwanza ni kuchanganya uasi wa geto, ulioanza tarehe 19 Aprili 1943, na uasi wa Warsaw wa Agosti hadi Oktoba 1944 ulioongozwa na jeshi la siri la Poland. Ni matukio mawili, yenye minara miwili tofauti. La pili ni kusema "kambi za Kipolandi". Kambi zilikuwa za Wanazi wa Kijerumani katika Poland iliyokaliwa kwa mabavu, na usemi huo huwaudhi wenyeji kwa haki, kwa kuwa hata mamilioni ya Wapolandi wasio Wayahudi walipata mateso chini ya utawala huo.

9. Jioni, kuleni pamoja na kaeni kwa muda.

Chakula kiwe cha moto na kiwe tayari mnapofika. Baada yake weka kikao cha hiari, kisichozidi saa moja, ambamo asiyetaka kusema asilazimishwe. Taja ratiba ya kesho kwa sentensi mbili, kisha waruhusu walale. Treblinka iko kama kilomita 100 kutoka Warsaw, na Auschwitz, kambi nyingine ya Wanazi, zaidi ya kilomita 300. Hakuna hata moja inayofaa kugusiwa kwa undani usiku huu.

Mambo yakienda kombo

*Ndege imechelewa na mmefika alasiri.* Ruka hatua ya 6 na ya 7, nenda sinagogini na Muranów tu, na uyahamishie makaburi siku ya pili. Usijaribu kukimbiza hatua zote tisa.

*Sanduku la mtu halikufika.* Aripoti kabla ya kutoka kwenye ukumbi wa mizigo na apewe namba ya maandishi. Dawa za kila siku ziwe zimewekwa kwenye mkoba wa mkononi tangu nyumbani. Hili lisisitizwe kwa wazee.

*Hamfikii watu kumi wa minyani.* Kadishi haisomwi bila minyani, yaani Wayahudi watu wazima kumi. Someni Zaburi na El Male Rahamim, na mkumbuke kwamba jumuiya tofauti huhesabu minyani kwa namna tofauti, baadhi wanaume tu na baadhi wanawake pia. Mkubaliane kabla ya safari, kwa kuwa ubishi juu ya jambo hili mbele ya kaburi la pamoja ni aibu kwa wote.

*Mtu amelia na hawezi kuendelea.* Mpe mtu mmoja wa kukaa naye, ikiwezekana aliyemchagua mwenyewe, na maji. Usimzungushie kundi zima, wala usimwambie kwamba ajikaze. Dereva awe tayari kumrudisha hotelini, na umtembelee kabla ya kulala.

*Mvua au theluji.* Makaburini theluji hufunika mizizi na mashimo. Punguza njia, baki kwenye vijia vikuu, na waache wenye magongo karibu na lango, ambako yapo makaburi ya kutosha kuona.

*Mlango wa ua wa Sienna umefungwa.* Usibonyeze kengele za wenyeji. Tumia utepe wa barabarani, au nenda mtaa wa Waliców, ambako kipande kingine cha ukuta kinaonekana kutoka nje.

*Mtu amelitafuta kaburi la familia na hajalipata.* Hili hutokea mara nyingi kuliko kulipata. Sehemu ya mawe imevunjika au imezama, na si kila Myahudi wa Warsaw alizikwa Okopowa. Maskini wengi walizikwa Bródno, ng'ambo ya mto Vistula. Mwandikie miadi ya siku ya pili katika idara ya nasaba ya Taasisi ya Historia ya Kiyahudi, aende na majina ya Kipolandi, mji wa asili na miaka ya kukadiria. Ajue kwamba kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo za Warsaw kuanzia mwaka 1868 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia ziliandikwa kwa Kirusi, kwa hiyo jina lile lile la babu litakuwa katika herufi za Kisirili, na ni vyema awe nalo limeandikwa hivyo kwenye karatasi kabla ya kufika mezani.